Aliyeonyesha kosa la serikali alipwe gharama zake, hata kama ni Boeing

Katika sheria ya ulinzi ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 2024 kulikuwa na kifungu ambacho hakikupigiwa kelele nje ya duru za wanasheria wa manunuzi. Kiliitaka Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ile GAO inayosikiliza malalamiko ya wazabuni, iandae pendekezo la namna ya kumtoza kampuni inayopinga mkataba wa Pentagon na kushindwa. GAO ikajibu mwaka 2025, ikiwa na mashaka na wazo hilo. Mjadala haujaisha, na kila unapofufuka huja na hoja moja inayovutia sana masikioni: kama serikali humrudishia gharama mlalamikaji anayeshinda, kwa nini mlalamikaji anayeshindwa naye asiirudishie serikali gharama zake? Wenye hoja hii huongeza mfano wa kampuni kubwa za ndege, zenye mabilioni benki, zinazolipiwa mawakili kwa kodi ya wananchi baada ya kuuchelewesha mkataba wa jeshi.

Nadhani mjadala huu umejengwa juu ya kutoelewa malipo yale ni ya nini. Kumrudishia gharama mzabuni aliyeshinda malalamiko si zawadi kwake, wala si fidia ya biashara aliyoikosa. Serikali inalipia ukaguzi ambao ilitakiwa ijifanyie yenyewe kabla ya kusaini, ukafanywa na mtu mwingine kwa fedha zake. Ukiyaona hivyo, ukubwa wa mlalamikaji unakoma kuwa swali, na ile mizani ya kumtoza anayeshindwa inavunjika, kwa sababu pande hizo mbili hazikuwahi kuwa sawa.

Nitaitetea hoja hii kwa kesi iliyo ngumu kuliko zote kwangu, ya ndege za kujaza mafuta angani. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa likitegemea KC-135, ndege zilizoanza kuruka mwaka 1956, enzi za Rais Eisenhower. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ukazuka mpango wa kukodi ndege 100 za Boeing aina ya 767 zilizogeuzwa kuwa za mafuta. Seneta John McCain aliupinga, na uchunguzi ukafichua uozo. Darleen Druyun, afisa mwandamizi wa manunuzi wa Jeshi la Anga, alikuwa akijadili ajira yake na Boeing huku akishughulikia mikataba ya kampuni hiyohiyo. Alikiri mahakamani kwamba aliipendelea, akahukumiwa kifungo cha miezi 9 mwaka 2004. Michael Sears, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Boeing, naye alifungwa miezi 4. Kwa hiyo mlalamikaji tutakayemzungumzia hapa, Boeing, aliwahi kuwa mchafu katika zabuni ya ndege hizihizi.

Mpango ule ukafutwa, ushindani ukaanza upya mwaka 2007: ndege 179, mkataba wa takriban dola bilioni 35. Boeing ikaleta 767 yake. Northrop Grumman, ikishirikiana na EADS ya Ulaya, kampuni mama ya Airbus, ikaleta ndege kubwa zaidi iliyojengwa juu ya Airbus A330. Tarehe 29 Februari 2008 Jeshi la Anga likatangaza kwamba Northrop imeshinda. Machi 7 Boeing ikaitwa kuelezwa kwa nini imeshindwa, na Machi 11 ikawasilisha malalamiko GAO. Kazi chini ya mkataba ikasimama, kama sheria inavyotaka. Siku 99 baadaye, Juni 18, ikiwa imebaki siku moja kufika ukomo wa siku 100, GAO ikaamua kwamba Boeing ilikuwa na haki. Ikapendekeza majadiliano na wazabuni yafunguliwe upya, zabuni zirekebishwe na tathmini irudiwe. Ikapendekeza pia Boeing irudishiwe gharama za kuwasilisha na kuendesha malalamiko, pamoja na ada za kuridhisha za mawakili.

Inafaa kusogea karibu tuone makosa yenyewe, maana hapo ndipo mtu anapoelewa kilicholipiwa. Nyaraka za zabuni zilisema wazi kwamba mzabuni hatapewa alama za ziada kwa kuvuka lengo fulani la kiasi cha mafuta, lakini watathmini wakaipa Northrop sifa kwa kulivuka. Boeing iliambiwa kwenye majadiliano kwamba imetimiza kikamilifu lengo mojawapo la matumizi ya ndege. Baadaye watathmini wakabadili mawazo, wakasema imelitimiza nusu, na hawakuiarifu, huku wakiendelea kuzungumza na Northrop kuhusu lengo hilohilo. Mzabuni alitakiwa aahidi kulisaidia jeshi kujenga uwezo wake wa matengenezo makubwa ndani ya miaka 2. Northrop haikukubali kuahidi, na jeshi likaandika kwamba ni kupitiwa tu kwa kiutawala. Kumbukumbu za tathmini hazikuonyesha pia kwamba ndege ya Northrop ingeweza kuzijaza mafuta ndege zote za jeshi zinazotakiwa, kwa taratibu zilizokuwa zikitumika wakati huo, zikiwemo zile za kuachana kwa dharura pale ndege inayopokea inapoisogelea mno ile inayotoa.

Kisha kuna hesabu. Jeshi la Anga lilikadiria kwamba kumiliki ndege za Boeing kwa maisha yao yote kungegharimu dola bilioni 108.044, na za Northrop bilioni 108.010. Tofauti ni dola milioni 34, kiasi kisichofika hata nusu ya sehemu moja katika elfu. Kwa tofauti hiyo nyembamba Northrop ikahesabiwa kuwa nafuu. Malalamiko yakiendelea, jeshi lenyewe likakiri kwamba lilikosea hesabu, na kwamba makosa yakisahihishwa Boeing ndiyo inayokuwa nafuu. Fikiria hilo kwa makini. Ungamo hilo lilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye mawakili na wahasibu wa kuzipitia karatasi za jeshi mstari kwa mstari, na mwenye sababu ya kufanya hivyo. Kamati ya tathmini haikuliona kosa, wakubwa waliosaini hawakuliona, na hakuna mkaguzi wa ndani aliyelishika kabla ya tangazo. Bila malalamiko, mkataba wa mabilioni ungesimama juu ya jumlisha na toa iliyokosewa.

Sasa tuangalie malipo yenyewe yana ukubwa gani, maana wanaoyapinga huyazungumzia kana kwamba ni hazina iliyoachwa wazi. Chanzo chake ni sheria ya ushindani katika mikataba ya mwaka 1984. GAO hupendekeza, na mlalamikaji hupeleka madai yaliyothibitishwa, saa kwa saa, kwenye taasisi iliyokosea ndani ya siku 60. Tangu 1994 ada ya wakili imewekewa ukomo wa dola 150 kwa saa, kiwango kinachoweza kupandishwa kufuata gharama za maisha. Ni kampuni ndogo pekee zisizobanwa na ukomo huo. Mawakili wa Washington wanaoendesha kesi za ukubwa wa Boeing hutoza mara kadhaa ya kiasi hicho. Faida iliyopotea hailipwi hata senti moja. Kwa lugha nyepesi, kampuni kubwa inayoshinda inarudishiwa sehemu tu ya ilichotumia, na mkataba wenyewe haina uhakika wa kuupata. Boeing iliposhinda Juni 2008 haikupewa mkataba. Septemba mwaka huo waziri wa ulinzi Robert Gates aliufuta ushindani wote, na Boeing ikaja kushinda Februari 2011, katika zabuni mpya kabisa ambayo Northrop ilikuwa imekwisha kujitoa.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni ya ukubwa: kwa nini mlipa kodi alipie mawakili wa kampuni tajiri? Nakiri ina mvuto, na sheria ya Marekani yenyewe imegawanyika juu yake. Ukipeleka malalamiko mahakamani badala ya GAO, sheria inayoruhusu kurudishiwa ada za mawakili kutoka serikalini inazibagua kampuni kubwa: inazungumzia taasisi zisizozidi wafanyakazi 500 na mali ya dola milioni 7. Kwa hiyo Boeing ingeshinda mahakamani isingepata ada za mawakili, na imeshinda GAO inapata. Wengine huuona huu kuwa mwanya wa kuzibwa. Mimi naona mahali pawili tofauti penye kazi mbili tofauti. Mahakama inauliza haki ya mtu. GAO ni chombo cha Bunge, kazi yake ya msingi ni kuangalia fedha za umma zinavyotumika, na malalamiko ni mojawapo ya macho yake. Katika zabuni ya ndege 179 za kijeshi, kampuni ndogo ya kupinga matokeo haipo. Wenye uwezo wa kutengeneza ndege hizo ni wawili. Ukisema wakubwa wasirudishiwe kitu, umesema kwamba mikataba mikubwa kuliko yote, ile yenye fedha nyingi zaidi za kupotea, ndiyo itakayokaguliwa kwa hisani ya aliyeshindwa.

Yapo pia malalamiko ya ndani ya malalamiko. Boeing iliwasilisha hoja zaidi ya 100, na zilizokubaliwa ni 8. Je, serikali ilipie na zile zilizotupwa? Hapa GAO ina kanuni ambayo naiona ya busara: gharama hurejeshwa kwa ujumla, ila hoja iliyoshindwa ikiwa inatengana waziwazi na zilizoshinda, gharama yake inaweza kukatwa. Ningependa ikate mara nyingi zaidi. Mwanasheria anayemwaga hoja 100 mezani akitumaini 8 zitashika anawachosha wasikilizaji na kuwapotezea maafisa siku zao, na akijua kwamba saa za hoja dhaifu hazitalipwa atachuja. Hilo ni rekebisho la ndani ya mfumo, na halihitaji kumtisha mtu asilalamike.

Hoja ya pili, inayorudiwa zaidi, ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba malipo haya yanachochea malalamiko ya ovyo. Hebu tulifuate wazo lenyewe hadi mwisho. Anayelipwa ni aliyeshinda. Malalamiko ya ovyo, kwa maana ya neno hilo, hayashindi. Mtu mwenye hoja ya ovyo hawezi kuvutiwa na malipo ambayo hoja yake haimpi. Takwimu nazo haziungi mkono picha ya mafuriko. Taasisi ya RAND ilichunguza malalamiko dhidi ya Pentagon kwa agizo la Bunge, na ripoti yake ya 2018 ikaonyesha kwamba mikataba inayolalamikiwa haifiki asilimia 0.3. Katika mwaka wa fedha 2024 GAO ilipokea kesi 1,803 kutoka serikali yote ya shirikisho, na katika asilimia 52 ya malalamiko mlalamikaji alipata nafuu ya namna fulani, ama kwa uamuzi ama kwa taasisi kujirekebisha yenyewe. Zaidi ya nusu. Nchi ambayo zaidi ya nusu ya wanaolalamikia zabuni zake wanaondoka na kitu mkononi haina tatizo la walalamikaji wa ovyo.

Ndiyo maana pendekezo la kumtoza anayeshindwa linanisumbua. Watetezi wake wanasema ni usawa tu. Lakini mlalamikaji anaingia akiwa gizani. Tathmini ya mshindani wake haijui, alama za watathmini hajaziona, hesabu za gharama zimefungwa. Anapewa maelezo mafupi, kisha akitaka kazi isimame ana siku 5 za kuamua. Nyaraka zenyewe huzipata baada ya kulalamika, na hata hapo kwa kawaida wanaoziona ni mawakili wa nje waliojifunga kutunza siri. Wakurugenzi wa kampuni hawaruhusiwi. Serikali kwa upande wake ina kila karatasi tangu siku ya kwanza. Aliyeshindwa baada ya kulalamika gizani kwa nia njema hakufanya kosa lolote. Serikali iliyoshindwa ilivunja masharti iliyoyaandika yenyewe, ikiwa na taa mkononi. Kuwatoza wote wawili kwa kipimo kimoja ni kuwafananisha waliofanya mambo yasiyofanana. Marekani ilikwisha kujaribu: sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2018 iliweka mpango wa majaribio wa kuzitoza kampuni zenye mapato ya zaidi ya dola milioni 250 zinapopoteza malalamiko dhidi ya Pentagon. Ulipangwa kuanza Desemba 2019. Bunge likaufuta kupitia sheria ya mwaka wa fedha 2021, kabla haujatekelezwa.

Hoja ya tatu sina jibu kamili kwayo, na sitajifanya ninalo. Ni muda. Marubani waliendelea kuruka na KC-135 za kizamani huku wanasheria wakibishana, na ndege ya kwanza ya KC-46, jina la 767 ile ya Boeing ilipokuwa tayari kwa jeshi, ilikabidhiwa Januari 2019. Ikaja na kasoro, hasa katika mfumo wa kamera anaotumia mwendesha bomba la mafuta kuona nyuma ya ndege, na Boeing imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 7 katika mradi huo wa bei isiyobadilika. Nchi nyingine, Australia na Uingereza zikiwemo, zinatumia ndege ya mafuta iliyotokana na A330. Msomaji anaweza kuuliza: malalamiko yale yaliifaidia nini Marekani? Nafikiri ni swali halali kuhusu zabuni ya 2011 na usimamizi wa Boeing. Si swali kuhusu malipo ya 2008. GAO ilitamka ilipoamua kwamba haisemi ndege ipi ni bora, inasema tathmini haikufuata masharti. Na siku 99 ndani ya safari ya zaidi ya miaka 15, kuanzia mpango wa kukodi hadi ndege ya kwanza, si mahali pa kwenda kutafuta mchawi. Rushwa ya Druyun na zabuni ya kufutwa na kurudiwa zilikula miaka mingi zaidi.

Kinachoniuma katika mfumo huu ni kingine. Fedha hutoka kwenye bajeti ya taasisi iliyokosea, jambo zuri, lakini afisa aliyeandika kwamba ahadi iliyokataliwa ni kupitiwa tu hagusiki. Na taasisi ikijirekebisha mapema, kabla ya siku 30 za kujibu malalamiko kwisha, kwa kawaida haidaiwi gharama hata kama kosa lake lilikuwa wazi. GAO hupendekeza malipo pale tu hoja ilipokuwa dhahiri na taasisi ikachelewa isivyostahili. Sababu yake naielewa, ni kuzihimiza taasisi zikiri haraka. Lakini maana yake ni kwamba katika ile asilimia 52, wengi wa waliopata nafuu walijilipia wenyewe kazi ya kuionyesha serikali kosa lake. Boeing inaweza kuibeba hasara hiyo. Kampuni ya watu 12 inayoshona viti vya ndege au kusafisha mahanga ya jeshi haiwezi mara mbili.

Huku kwetu jambo hili si geni. Kenya ina bodi ya kupitia zabuni za umma inayotakiwa kuamua ndani ya siku 21, na sheria yake ya 2015 inairuhusu kuamuru upande mmoja uulipe mwingine gharama. Ukizisoma hukumu zake utakutana mara kwa mara na mstari uleule mwishoni: kila upande ubebe gharama zake. Tanzania malalamiko huanzia kwa afisa masuuli wa taasisi nunuzi yenyewe, kesi ya ngedere kapelekewa nyani, ndipo yaende Mamlaka ya Rufani ya Zabuni za Umma. Miaka michache iliyopita nilikaa na mzabuni mmoja Dar es Salaam, mama anayesambaza vifaa vya maofisini, akanionyesha bahasha ya risiti: ada ya rufaa, wakili, nakala za vitabu vya zabuni vilivyofungwa kwa uzi, nauli za kwenda na kurudi. Alikuwa ameshinda, zabuni ikatangazwa upya. Nilimwuliza kama ataomba tena. Akaikunja bahasha, akairudisha kwenye mkoba, akasema, "Mwanangu, ushindi ule bado naulipia."

Mama yule aliwaonyesha wakubwa wa taasisi ile kosa ambalo lingewagharimu wananchi, na mwaka uliofuata jina lake halikuwamo tena kwenye orodha ya wazabuni. Serikali zetu zinanunua vitu vikubwa siku hizi, ndege zikiwemo, na watu wenye ujuzi wa kusoma kitabu cha zabuni na kuona mahali masharti yalipopindishwa ni wachache. Wengi wao ni wazabuni walioshindwa. Bodi na mamlaka zetu zinaweza kuanza bila sheria mpya: pale mlalamikaji anapothibitisha kwamba taasisi nunuzi ilivunja masharti yake yenyewe, gharama zirudishwe kama kanuni, na taasisi isiyotaka kulipa ndiyo ieleze kwa maandishi kwa nini isilipe.